Mkono Haushuki Mpaka Gogo Lipite

Kiwandani walimwita Bwana Mkono, ingawa mikono yake ilikuwa miwili kama ya mtu mwingine yeyote. Jina lilitokana na kazi. Yeye ndiye aliyesimama kwenye msumeno mkubwa wa kupasulia mbao, na kwa kuwa pale hata ungepiga kelele mpaka koo likauke hakuna ambaye angekusikia, kila kitu kilisemwa kwa mkono. Gogo lililala juu ya kitoroli chake likingoja. Akiinua mkono, linasukumwa. Asipoinua, hata meneja aje na tai yake, halisogei. Na mkono ukishainuka haushuki mpaka gogo lote lipite, maana kuushusha katikati ni kuwaambia watu simameni, kuna hatari.

Kelele ile ya miaka thelathini na minne ilimla masikio. Kwanza aliwapoteza ndege, kisha mvua juu ya mabati, kisha sauti ya mkewe, ingawa mkewe alishikilia kwamba hiyo ya mwisho aliipoteza kwa makusudi. Basi nyumba nzima ikajifunza mikono ya kiwandani. Mkono juu, endelea. Ngumi, simama. Kiganja kinachoshuka polepole, punguza mwendo, na huo mkewe aliutumia sana wakati wa kula. Kitinda mimba wao, wa kike, aliijua mikono hiyo kabla hajajua kusoma. Kila alipotaka kwenda kucheza alisimama langoni, akageuka, akangoja mkono wa baba ndipo atoke.

Ukimya ule ulimletea ndoto za mchana. Alasiri, jua lilipoingia kwa ubavuni mwa banda, vumbi la mbao lilielea hewani, jepesi, la rangi ya asali, na msumeno ulizunguka masikioni mwake bila sauti. Hapo alimwona baba yake upande wa pili wa gogo, naye mpasua mbao, ndani ya shati lake la kaki lililochanika mfuko. Mikono ya baba ilikuwa chini. Hakuinua mkono, wala hakukunja ngumi, alimtazama tu. Kisha mtu alimgusa bega, na baba akarudi kuwa vumbi.

Kisa chenyewe si kirefu. Misitu ya mashariki alikokulia ilikwisha, wapasua mbao waliimaliza wao wenyewe kwa bidii kubwa, na kazi ikahamia magharibi. Vijana wakafunga virago. Yeye alikuwa na miaka ishirini na miwili, msukuma magogo kwenye msumeno wa baba yake. Aliogopa kuaga. Alijua baba akikunja ngumi, safari imekufa. Akatoka alfajiri, viatu mkononi, akadandia lori la mbao. Mtu ambaye kwa miaka minne hakusukuma gogo hata moja bila kuuona mkono wa baba, kwa safari ya maisha yake hakungoja. Alijipa moyo kwamba atarudi akishatulia. Akatulia, akaoa, akapata watoto, na barua ya msiba ikamfikia siku kumi na moja baada ya mzee kuzikwa. Hakujua kamwe kama mkono ule ungeinuka. Lilimuuma jambo hilo, na acha limuume, alijitakia.

Sasa ikawa zamu yake kuagwa. Kitinda mimba alimaliza masomo ya ufundi umeme, na kiwanda kipya, mwendo wa siku mbili zaidi kuelekea magharibi, kikamwita kazini. Mama alikubali siku hiyohiyo akaanza kukunja nguo. Baba alikaa wiki tatu bila jibu. Akiulizwa, alijifanya hajasikia, na kwa masikio yale nani angembishia? Lakini mikono nayo aliitia mfukoni, na hilo ndilo lililomtisha mkewe.

Asubuhi ya safari basi lilisimama mbele ya nyumba, mizigo ikapakiwa. Binti akafika langoni, begi begani, akageuka, akasimama. Baba alikuwa kwenye benchi lake mlangoni. Dereva akapiga honi, na mmoja tu pale hakuisikia. Mama akamsihi binti aende zake, ya baba yake atayamaliza yeye.

"Mama, asipoinua mkono sitoki," binti alisema. "Basi na liende."

Baba hakusikia neno, lakini alielewa. Ndani ya mfuko vidole vyake vilikuwa vimeshajikunja ngumi. Ilibaki kuitoa tu, na mtoto angebaki. Alimtaka abaki kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani. Jua lilikuwa nyuma ya binti, vumbi la barabara likielea kwenye mwanga, na kwa muda hakujua ni nani aliyesimama pale langoni: binti yake, au yeye mwenyewe, viatu mkononi, amerudi kungoja.

Akatoa mkono, akaukunjua, akauinua.

Binti alikuja mbio akamkumbatia kwa chini ya kwapa, kwa sababu mkono haukushuka. Basi likaondoka, likapita duka, likapita shule. Majirani walidhani anawasalimu, wakampungia. Fundi baiskeli alipunga mara tatu akachoka. Mkewe akaja kusimama kando yake. Akaushika mkono kwenye kiwiko, akausaidia kukaa juu mpaka basi lilipokata kona.