Rozari ya Mafungu Sita

Tangu asubuhi Kimya hakukaa kitako. Alipanga viti sebuleni, akavipangua, akavipanga tena. Akatoka kufagia ua ambao wajukuu walikwisha kuufagia. Akarudi ndani, akafunua birika la chai, akalifunika, akatoka. Mke wa kaka yake alimtazama weee, mwisho akashindwa kujizuia.

"Shemeji, leo vipi? Umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Kimya akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba aachwe.

Walikuwa wamemzika mama yao Ijumaa. Leo, Jumapili mchana, wote walikuwa wanatawanyika, na mabegi yalikwisha kupangwa mlangoni. Kabla ya kuagana wangesali rozari pamoja chumbani kwa mama. Hilo ndilo lililomtoa Kimya jasho. Mama, kabla hajakata kauli, alimshika kiganja akamwambia, "Wakija wote, la sita utalisema wewe. Usimwachie mwingine." Na Kimya, fundi viatu wa barazani, mtu wa kujibu wateja kwa kutikisa kichwa, alikuwa hajawahi kusalisha hata paka.

Kwa asiyemjua mama yule, habari ya la sita inataka maelezo.

Alianza kufua mashuka ya hospitali akiwa msichana, na hakuacha mpaka magoti yalipogoma. Mumewe, mchomeleaji wa mageti, alifariki wakati kitindamimba wao bado ananyonya. Watu wakasema huyu sasa atayumba. Hakuyumba. Aliwahi misa ya alfajiri, akatoka huko moja kwa moja mpaka kwenye mapipa ya maji moto. Alikunja mashuka huku anasali: ncha kwa ncha, Salamu Maria, pindo kwa pindo, Salamu Maria. Wenzake wakambandika jina la Bibi Salamu hata kabla hajapata mjukuu.

Jioni ilikuwa rozari sebuleni, na hakuna aliyesamehewa, awe ana homa au ana mtihani. Macho aliyafumba, lakini aliona kila kitu.

"Salamu Maria, umejaa neema, wewe shusha mguu kwenye kiti, Bwana yu nawe, nani kaacha bomba linatiririka? Umebarikiwa kuliko wanawake wote..."

Wajukuu walipozaliwa wakakulia humo humo, wakaamini kabisa kwamba bomba limo ndani ya sala. Mmoja wao, katekista alipomsimamisha kanisani aseme Salamu Maria, aliisema yote pamoja na bomba lake. Kanisa zima likaangua kicheko. Bibi Salamu hakucheka. "Angalau kaishika," alisema. "Wa kwenu je?"

Kila fungu alilisali kwa ajili ya mtoto mmoja, kuanzia kifungua mimba. Alipomaliza la tano aliuweka mkufu wa rozari mapajani, akaendelea na la sita kwa kuhesabu vidole. Paroko mpya alipoalikwa nyumbani siku moja, alisikia wenzake wanaendelea wakati yeye amekwisha kusimama.

"Mama," akasema kwa upole, "rozari ina mafungu matano."

"Najua, baba. Lakini mimi nimezaa sita."

Paroko alijikuna shingo. Akapiga magoti tena.

Huyo wa sita, kitindamimba, ndiye aliyekuja kuwa kidonda. Alipomaliza shule, Dada Mkubwa alimchukua dukani kwake, maana alikuwa mshonaji mwenye wateja wengi. Siku moja kijana akasahau pasi ya moto juu ya gauni la bibi harusi. Dada Mkubwa akamchamba mbele ya wateja, akamalizia, "Toka! Na usirudi mpaka uwe mtu!" Kijana alitoka. Hakurudi dukani, hakurudi nyumbani, na tangu hapo hakuna aliyeleta habari zake.

Mama hakumlaumu binti yake hata siku moja. Ila tangu mwaka ule, mafungu matano aliyasali kwenye kiti, na la sita akashuka sakafuni, na magoti yake yale yale mabovu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kila aliposhuka, Dada Mkubwa, kama alikuwa amekuja kusalimia, alikumbuka kwamba ana kitu jikoni.

Na leo msalishaji alikuwa Dada Mkubwa. Nani angethubutu kumwambia aongeze la sita?

Waliingia chumbani, wakabanana. Wengine waliketi kitandani, wajukuu chini. Kimya alisimama mlangoni, akahamia dirishani, akarudi mlangoni.

"Tulia basi, unatupa kizunguzungu," Dada Mkubwa alimkemea, akaanza.

Alisali vizuri, sauti kavu, haraka haraka, kama anayepiga cherehani. La kwanza likaisha, la pili, la tatu. Nje, dereva waliyemkodi akapiga honi. Fungu la nne. Kimya alijaribu kumwombea kaka yake mwenye fungu hilo, lakini mawazo yalikuwa yamekwisha kufika la sita. La tano lilikuwa lake mwenyewe. Alilisikia likipungua kama uzi unaokaribia kuisha wakati soli bado haijafika kisiginoni.

"Atukuzwe Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu..."

Wakajibu. Dada Mkubwa hakuvuta hata pumzi, akaingia sala ya kufungia.

"Salamu Malkia, Mama mwenye..."

"Baba yetu uliye mbinguni," Kimya akasema.

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Vichwa vyote vikageuka. Akasahau hata jina linalotakiwa kutukuzwa. Mjukuu mmoja akamnong'oneza, "Jina lako litukuzwe, baba mdogo." Akalidaka, akaendelea. Wengine wakajibu, kwanza wachache, kisha wote, isipokuwa Dada Mkubwa. Yeye aliutazama ukuta, mkufu umening'inia mkononi.

Kimya akapiga magoti, akaanza kuzihesabu Salamu Maria kumi kwa vidole. Lakini alipofika mkono wa pili hakujua tena yuko wapi. Akaendelea tu.

"Umepita," Dada Mkubwa akasema ghafla. "Hiyo ilikuwa ya kumi na mbili."

"Sijapita."

"Nakwambia umepita! Huwezi hata kuhesabu vidole vyako?"

"Mama naye alikuwa anapita," kaka yao akadakia kitandani. "Ndiyo maana chakula kilikuwa kinapoa."

Wakacheka, wengine wakifuta macho. Dada Mkubwa hakucheka. Aliketi chini, taratibu, nguo zake za safari na yote, akamtazama Kimya kama anayemwona leo.

"Nilimfuata," akasema. "Mwezi ule ule niliomfukuza dukani. Walisema anapakia kwenye yadi ya malori ya mbao. Nilipofika wakaniambia kahamia machimbo ya kokoto, ng'ambo ya mto. Nikasema nitakwenda kesho. Kesho ile ikanipita, kisha nikaona aibu. Mama ningemwambia nini? Kwamba nilifika nusu njia?"

Kimya alikuwa bado amepiga magoti. Aliwaza jinsi walivyomwombea ndugu yao miaka yote hiyo, jioni kwa jioni, na hakuna mwingine aliyewahi hata kutoka getini kwenda kumuulizia. Yeye mwenyewe asingethubutu. Kuuliza njia tu kulimtesa. Alikuwa radhi apotee kuliko kumsimamisha mtu asiyemjua.

Dereva akapiga honi tena, ndefu.

"Machimbo yapi?" Kimya akauliza.

"Unasemaje?"

"Nimeuliza machimbo yapi. Kuna ya juu na ya chini."

"Ya chini. Lakini ni zamani, mdogo wangu. Huenda hayupo. Utamuuliza nani huko?"

"Yeyote nitakayemkuta."

Dada Mkubwa alimtazama tena, kisha akamgeukia kijana aliyekuwa karibu na mlango. "Kamwambie dereva azime gari." Akasogeza mabegi pembeni, na kwa kidole akaanza kumchorea Kimya njia sakafuni: hapa daraja, hapa yadi, hapa unashika kushoto.