Vifungo vya Haruna

Mpigapicha wa bendi, mama wa makamo, alizoea harusi za Lindi, na ziara nzima ya muziki wa roki hakuacha mazoea yake. Kabla ya kubonyeza kamera hunyoosha kola ya mtu, humfuta jasho kwa pindo la mtandio, kisha hunong'ona, "Tulia, mwanangu." Haruna, mwimbaji, alitaka picha ya kutisha ya jalada la albamu. Kwenye onyesho la mwisho, Kilwa Masoko, alikuwa amepiga magoti akinguruma, shati wazi hadi kitovuni, mama yule alipopanda jukwaani akaanza kumfunga vifungo.

"Mama yako ataiona hii."

Haruna akaangua kicheko, kamera ikalia. Jalada hilo sasa limetundikwa sebuleni kwa mama yake, huko Rondo: mwanawe anacheka, vifungo vyote vimefungwa, kimoja kwenye tundu lisilo lake.