Harufu ya Shati la Fundi Mabango

Mimi ni dobi. Shule niliishia darasa la pili, lakini nguo nazisoma. Nipe shati la mtu nisiyemjua, nitakuambia anafanya kazi gani, nani kamkumbatia, na kama ameanza kunywa tena. Mtaani wananiita Mama Povu.

Miaka saba iliyopita mume wangu, fundi wa mabango, aliniacha akahamia kwa msusi, nyumba ya nne kutoka kwangu. Kuondoka si kitu. Kilichonichoma ni neno aliloniachia. Mbele ya mama mkwe, mawifi na majirani waliokuja kutusuluhisha, alisema, "Huyu mwanamke ananuka dawa ya madoa. Ni kama nimeoa ndoo." Watu wakacheka. Wifi yangu mkubwa alicheka mpaka akaomba maji, na maji nikampa mimi. Tangu siku hiyo nimetaka kitu kimoja tu: neno lile alirudishe mbele ya watu, kama alivyolitoa mbele ya watu.

Na msusi naye, kwa kukosa haya, nguo za mume wangu akawa ananiletea mimi nizifue. "Dada, kola zake unaziweza wewe tu." Nikazifua. Sabuni haijui mke wa nani.

Mwaka jana binti yangu alinunua simu mpya, akaniachia tableti yake yenye ufa pembeni. Ndani yake kulikuwa na mahali pa kuchora. Kioo kilikataa ncha za vidole vyangu, maana magadi yamezilamba zikawa laini kama kijiko. Nikajaribu fundo la kidole, kikakubali. Basi mchana, nguo zikiwa kambani, nikawa nakaa juu ya beseni lililopinduliwa nachora. Sura za watu siziwezi. Nikachora ninachokijua: harufu zao.

Shati la mwalimu lilikuwa ukungu mweupe wa chaki, katikati umepita mstari wa kijani, ile dawa ya kifua anayojipaka, baridi mpaka puani. Aproni ya muuza nyama sikuipaka nyekundu. Damu machoni ni nyekundu, lakini puani ni kijivu kama sarafu uliyoishika muda mrefu. Gauni la msusi lilikuwa njano ya mafuta, na nywele nyeusi zilizoungua zikijikunja ndani yake kama waya. Lilikuwa zuri, sitadanganya. Liliniudhi kwa uzuri wake.

Nikawa natuma picha kwenye kundi la mtaa, na sauti yangu chini yake: "Huyu ni nani?" Wakawa wanabahatisha siku nzima. Kazi za watu zikalala.

"Huyo mwalimu! Hata mimi kifua kimefunguka!"

"Mama Povu, wewe mchawi."

Hapo ndipo katibu wa ukumbi wa mtaa, mama mwenye sauti ya kengele, akatangaza: picha kumi zitachapishwa kubwa na kutundikwa ukumbini, kila moja na jina la mwenye nguo chini. Uchapaji atafanya fundi mabango.

Mtaa ukaingiwa na wazimu. Kila mtu alitaka kutundikwa, na hakuna aliyetaka kunuka. Wiki ile nguo zilinifikia zimefuliwa! Mashuka yamepigwa pasi. Soksi za muuza nyama zimekunjwa mbili mbili, zina harufu ya maua. Mwalimu alileta shati bado lina lebo ya dukani.

"Mwalimu, hili nikufulie nini?"

"Lifue hivyo hivyo tu, mama. Kwa usalama."

Siku ya tano akaja fundi mabango mwenyewe, mfuko kwapani.

"Hodi, mama watoto."

"Mama watoto yuko saluni. Hapa yupo dobi."

"Haya, dobi. Nimeleta shati. Nasikia unachagua watu wa ukumbini." Akajikuna shingo. "Usinichore vibaya, tafadhali. Mimi ni mtu wa biashara."

"Mimi nachora ninachonusa. Weka hapo."

Alipoondoka nikafungua mfuko, machozi yakanitoka. Si ya huzuni. Mwanaume alikuwa amelifua shati mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na alilimwagia chupa nzima ya dawa ya madoa. Shati la bluu limetoka mabaka mabaka kama ramani. Lilinuka kuliko mimi na mabeseni yangu yote.

Nikachora kwa uaminifu: miiba myeupe inayochoma macho, na chini kabisa bluu inayokufa. Nikatuma. "Huyu ni nani?"

"Dobi!" wakajibu kwa pamoja. "Mama Povu amejichora!"

Msusi alituma sauti, anacheka: "Dada, hilo hata halihitaji kubahatisha."

Nikawaacha wacheke mpaka wachoke. Kisha nikasema, "Mmekosa wote. Hilo ni shati la fundi mabango."

Kundi likalipuka. Nusu saa haikupita, mtu akawa mlangoni kwangu anahema.

"Ondoa jina langu! Nitachapishaje kitu kama hicho kwa mikono yangu?"

"Neno ulilosema mbele ya watu, lirudishe mbele ya watu. Nami nitaliondoa jina lako."

"Neno gani?"

Nikaendelea kusugua kola. Akasimama. Nikasuuza. Bado amesimama. Mwishowe akatoa simu, akaisogeza mdomoni kama mtu anayemeza kidonge.

"Jamani… ile siku ya kikao nilisema mke wangu ananuka. Ilikuwa harufu ya kazi yake. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inanilisha. Mimi niliondoka kwa mambo yangu tu."

Akatuma. Nikahakikisha imefika. Wifi yangu mkubwa yumo kundini.

Jina lake nikaliondoa kama nilivyoahidi. Picha sikuiondoa. Mtaa mzima ulikuwa umeshasema ni mimi, na kweli harufu ile ni yangu. Yeye aliiazima siku moja tu, tena ikamshinda.

Jumamosi nikaenda kibandani kwake, nikasimama nyuma yake. Picha ile, ya kumi, ilikuwa imeshachapwa, kubwa kama mlango.

"Chini niandike nani?" akauliza bila kugeuka.

"Dobi. Herufi kubwa."

Akazikata kwa kisu moja moja, akazibandika, akazipangusa kwa kiganja. Nikainamisha kichwa huku, nikainamisha kule.

"Ya mwisho imepinda," nikamwambia.

Akaibandua, akapima kwa rula, akaibandika upya. Haikuwa imepinda.