Ubao wa Kwenda Chooni

Mimi ni Mama Nekesa wa mboga, hapa mtaa wa Gatwekera. Kabla ya haya yote nilikuwa mtu wa kisu na mdomo. Nilikata sukuma wiki nyembamba kama uzi huku nikimwangalia mteja usoni na kumpa habari za mtaa, na sikuwahi kujikata kidole. Presha nilikuwa nayo, nilishaambiwa. Vidonge nilivimeza nikiumwa na kichwa; kichwa kikipoa, naviweka, eti navihifadhi. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani nilirogwa.

Asubuhi hiyo fungu la sukuma lilinidondoka kutoka mkono wa kushoto. Nikainama kuliokota, mkono ukakataa. Mama Atieno, jirani yangu, alikuwa amekuja kununua, akaniuliza mbona mdomo umeenda upande. Nilimjibu vizuri kabisa, hivyo ndivyo nilivyodhani, kumbe yeye alisikia mtu mwenye uji mdomoni. Kisha mguu wa kushoto ukalegea, nikaanguka, nikajikojolea mbele ya wateja. Nilijua kila kitu. Hilo ndilo lililonitisha: akili ilikuwa nzima, na hakuna aliyenisikia. Mmoja akasema aitwe pasta aombe kwanza.

"Pasta atatupata huko hospitali," Mama Atieno akasema.

Wakanibeba kwa blanketi mpaka barabarani. Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba nilibahatika kuletwa haraka. Maneno yalirudi baada ya siku chache, lakini mkono na mguu vilibaki kama vya mtu mwingine. Mtaalamu wa mazoezi wa hapo hospitali alinifundisha upya kukaa, kusimama na kupiga hatua chache. Aliniambia mguu nisipoutumia utanisahau. Nikarudishwa nyumbani na fimbo.

Nekesa, mtoto wangu wa pekee, alitaka nihamie kwake, mtaa unaoitwa Kongo, kule Kawangware. Anaishi chumba kimoja na mume wake Wafula, fundi wa vitanda. Nilikataa. Kwetu mama mkwe halali chumba kimoja na mkwe wake, na mkwe hamgusi. Wafula akiniletea unga huuacha kwa Mama Atieno, hata mlango wangu haukaribii. Basi nikabaki kwangu, Nekesa akawa anakuja asubuhi kabla ya kazi, na tena jioni.

Sasa niwaambie woga wenyewe. Choo chetu cha ploti, tunachotumia wapangaji wote, kiko ng'ambo ya mtaro, na juu ya mtaro kulikuwa na ubao mmoja. Miaka mingi niliuvuka na mtungi wa maji kichwani. Sasa nikiuangalia tu kutoka mlangoni, jasho lilinitoka. Kuchuchumaa juu ya ndoo peke yangu sikuweza. Nikapata akili ya kijinga: nikaacha kunywa. Kikombe kimoja cha chai Nekesa akifika jioni, basi. Midomo ilipasuka, mkojo ukawa mweusi, kichwa kikaanza kuzunguka. Nilipopelekwa kliniki, daktari akaniuliza nakunywa maji kiasi gani, nikamwambia ukweli.

"Mama, wewe unatafuta kiharusi cha pili," akasema.

Nilirudi nyumbani nikipiga hesabu. Nisipokunywa nitaanguka tena, na nikinywa lazima nivuke. Hakukuwa na njia ya tatu.

Nikanywa. Kesho yake mchana nikashika fimbo nikaenda. Katikati ya ubao mguu wa kushoto ukabaki nyuma, fimbo ikaponyoka ikaingia mtaroni, nikakaa kwa kishindo. Mkojo ukatoka wote, leso niliyojifunga kiunoni imenipanda magotini. Hapo nikasikia mtu amesimama. Alikuwa Wafula, na pakiti zake mbili za unga. Niliogopa kuanguka mtaroni, lakini niliogopa zaidi mkwe wangu kuninyanyua nikiwa hali ile.

Akageuka haraka, akanipa mgongo.

"Mama, sikuangalii," akasema. "Shikilia ubao hivyo hivyo. Naita Mama Atieno."

Aliita mpaka sauti ikakauka, na sauti hiyo ilitetemeka kuliko mguu wangu. Hakuondoka mpaka Mama Atieno alipofika akanifunika na kuninyanyua.

Jumapili yake Wafula alirudi na msumeno, misumari na mbao. Nilikuwa nimekaa mlangoni, hatua tano kutoka kwake, lakini alipitisha maneno kwa jirani: mama aulizwe mkono wake mzima unafika wapi. Nikauinua, Mama Atieno akapima kwa kamba huku akitucheka wote wawili. Wafula akaongeza ubao wa pili, akagongelea vishikio kutoka karibu na mlango wangu mpaka chooni, pande zote mbili, kwa sababu wakati wa kurudi mkono mzima huwa upande wa pili.

Siku ya kwanza nilikigusa kishikio nikarudi ndani, nikalia. Siku ya pili nilifika kwenye ubao. Wiki kadhaa Nekesa alinifuata nyuma. Halafu siku moja nilibanwa na mkojo, yeye hayupo, nikavuka. Nilivuka nikiwa nimefumba jicho moja, sijui kwa nini.

Namshukuru Mungu, Mama Atieno, Nekesa, na huyo fundi wangu. Angekuwa mwanangu wa kuzaa angenibeba, na nadhani ningekuwa nabebwa hadi leo. Wewe mwenye presha, meza dawa hata kichwa kisipouma. Ukiona mdomo wa mtu umeenda upande, mkimbize hospitali, maombi yatamfuata. Na mgonjwa wako akikataa maji, muulize anaogopa nini.

Sukuma nakata tena, ila nene. Wateja wananiuliza kama ni ya ng'ombe. Na ubao bado naogopa. Leo asubuhi nilivuka, mguu mmoja ukikanyaga na mwingine ukiburuta, na Wafula alikuwa ng'ambo na unga wake, amenipa mgongo kama kawaida, kichwa ameinamisha.

"Nimefika," nikamwambia.

"Nimesikia, mama," akasema. "Nilikuwa nahesabu hatua."