Mkaidi wa Kigawanyo

Katika kiwanda cha uchapaji walimwita Kigawanyo, na jina hilo halikumkera. Kwa miaka thelathini na mmoja alisimamia mashine ya kupiga namba kwenye kuponi, na kila namba iliyopita mbele yake aliitafutia namba ya kuigawa. 9,999 aliipenda kwa kuwa haina maringo: kwa tatu inagawanyika, kwa tisa, hata kwa kumi na moja. Namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe aliiita mkaidi, na wakaidi aliwaheshimu kuliko alivyomheshimu meneja.

Mkaidi wake mkuu alikuwa 10,001. Siku moja, baada ya kuponi elfu kumi, mashine ilipiga moja ya ziada. Akaijaribu kwa tatu, kwa saba, akapanda hivyo hivyo hadi tisini na saba, ikagoma. Akaibandika ukutani sebuleni, juu ya redio. Wageni walisimuliwa watake wasitake. Mkewe aliijua hadithi hiyo kiasi cha kuweza kuimalizia kutoka jikoni, huku akimenya vitunguu.

Kisha kiharusi kikamwangusha, akatandikiwa kitanda sebuleni. Kwa wiki sita hakutoa neno. Wiki ya tatu kaka yake alikuja kumjulia hali, akaongea mbele yake kama vile anaongea mbele ya kabati.

"Shemeji, kubali tu. Huyu hayumo tena."

Mkewe alimchukia kwa kauli hiyo, hasa kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiiogopa. Daktari alimwambia asubiri. Ulimi ukirudi, amuulize kitu anachokijua kuliko vyote.

Ulimi ulirudi Jumanne asubuhi. Aliomba maji. Mkewe akamnywesha, akabandua kuponi ukutani na kumwekea mapajani.

"Baba, hii inagawanyika?"

Alingoja neno moja tu: mkaidi. Mumewe aliitazama tarakimu moja moja.

"Kwa sabini na tatu," akasema kwa shida. "Mara mia moja thelathini na saba."

Mkewe akakimbilia chumba cha pili, ambako binti yao, fundi cherehani, alikuwa akikata kitambaa.

"Mwanangu, baba yako ndiyo basi. Hata mkaidi wake kamsahau!"

Binti akauliza kasemaje, akazidisha kwa chaki juu ya kitambaa cha mteja. Akafuta, akazidisha tena.

"Mama, hebu njoo uone."

Jibu lilikuwa 10,001.

Mama alirudi sebuleni, akaketi kitandani kwa mumewe.

"Umelijua lini hili?"

"Zamani niliiruka sabini na tatu," akasema. Akapumzika kidogo. "Nimeiona wiki ya tatu. Kaka alipokuwa anakwambia simo."