Vinyoya Viwili vya Mguu wa Kushoto

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumamosi, mwanangu Akinyi, nimeketi nyuma ya nyumba yangu mpya hapa Nyakach, jogoo nimempakata, nikimng'oa vinyoya viwili vya mguuni ili nimdanganye mama mmoja mzee. Nimeikumbuka leo kwa sababu ya ile picha uliyonitumia kwa simu. Umeniuliza, "Baba mkubwa, huyu jogoo wa soko la Kibuye atawafaa wale kuku wangu wekundu?" Nikavaa miwani, nikamtazama. Ni mzuri, sikatai. Mkia unang'aa, kifua kiko mbele kama cha mzee wa kanisa siku ya harambee. Lakini aliyempiga picha ameishia mapajani. Miguu haipo. Kwa hiyo siwezi kukujibu ndiyo wala hapana, na utanivumilia kwanza nikueleze habari za Mama Dorka, maana kila ninachokijua kuhusu jogoo nilikipata kwake.

Mama Dorka alikuwa mjane, anaishi Katito, nyuma kidogo ya soko. Alifuga kuku wale wale unaowafuga wewe huko Manyatta, wekundu wa Rodi Ailandi, wekundu wa kukolea mpaka unadhani wamepakwa mafuta. Alianza nao akiwa bibi arusi, na kwa miaka yote hiyo hakuna jogoo wa nje aliyeingia kwenye banda lake bila yeye kumpima. Na alikuwa na sharti lake. Hakumpa mtu kuku jike hata mmoja kabla hajamwona jogoo atakayeishi nao. Unampeleka jogoo wako, anampima, akimkubali unarudi na majike sita. Akimkataa, unakunywa chai unarudi nyumbani. Mchungaji wetu mwenyewe alikunywa chai akarudi nyumbani, na Jumapili iliyofuata alihubiri kwa ufupi sana.

Mimi wakati huo nilikuwa fundi wa baiskeli, kijana, nimetoka tu kuanzisha boma langu. Unaijua desturi yetu ya kuhamia boma jipya. Baba anatangulia, kijana anabeba jogoo, mke anafuata na moto. Jogoo niliyembeba siku hiyo alikuwa mwekundu, mzito, nilipewa na rafiki yangu wa Kisumu. Asubuhi ya kwanza aliwika kabla hata hatujafungua mlango, na majirani wakajua kwamba hapa sasa kuna boma na lina mwenyewe. Baba yangu alivua kofia akacheka peke yake. Sasa niambie, jogoo wa namna hiyo ungemwona na kasoro? Mimi nilimpenda kupita kiasi. Nikajiambia huyu ndiye atakuwa baba wa kuku wangu wote. Nikajenga banda la nguvu, nikatangaza kanisani kwamba kuku wa Mama Dorka wanakuja kwangu, na mke wangu Rosa, mama yako mkubwa, akaanza kushona hata pazia la dirisha la banda. Ndiyo, pazia. Usicheke.

Kasoro ilikuwepo, na niliijua. Kuku mwekundu safi miguu yake ni ya njano na mitupu, haina nyoya hata moja. Huyu wangu, kati ya vidole vya mguu wa kushoto, alikuwa na vinyoya viwili vifupi, laini kama vya kifaranga. Maana yake huko nyuma kulikuwa na babu wa kabila lingine la kuku aliyepita akaacha alama. Nikaona ni kitu kidogo. Nikavishika kwa kucha nikavivuta. Jogoo akapiga kelele, Rosa akauliza kutoka jikoni kuna nini, nikamjibu namtoa utitiri. Yaani kabla hata ya kufika Katito nilikuwa nimeshaanza kudanganya.

Mama Dorka alinipokea vizuri. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa buti za mpira na leso kiunoni, na alikuwa na kawaida ya kuongea na kuku zaidi ya watu. Jogoo hakumshika kwanza. Aliniambia nimwachie kwenye uwanja mdogo pamoja na majike watatu, akarusha mahindi kiganja kimoja, akaketi kwenye kigoda kama mtu asiye na shughuli. Jogoo wangu aliokota punje, akaiachia chini, akawaita wale majike kwa ile sauti ya chini chini. Wakaja wakala. Yeye akabaki amesimama, jicho moja angani, akiwalinda na mwewe.

"Anakula wa mwisho," Mama Dorka akasema. "Hiyo ni tabia, na watoto wanarithi tabia kama wanavyorithi rangi."

Halafu akamshika. Natamani ungeiona ile mikono, mwanangu. Jogoo ambaye mimi nilikuwa nafukuzana naye uwanja mzima alitulia mikononi mwake kama amelala. Alipitisha kidole kwenye mfupa wa kidari kutoka mwanzo hadi mwisho, kuona kama umenyooka. Akampima macho, moja baada ya lingine, kwamba yanafanana rangi. Akahesabu meno ya upanga wa kichwani, akaushika pembeni asije akakuta umechipua kitawi. Akafungua bawa, nyoya kwa nyoya, kama mtu anayesoma Biblia. Hakuharakisha chochote. Niliwahi kuwaona madaktari wa mifugo wenye vyeti ukutani, na sijawahi kuona mtu akimheshimu kuku namna ile.

"Mama yake unamjua?" akaniuliza.

"Hapana, Mama."

"Dada zake wanataga vipi?"

"Hata hao siwajui."

"Hmm. Watu wanakuja hapa wananisifia mkia. Mimi nataka kujua mama yake alitaga vipi, kwa sababu huyu atawapa binti zake utagaji wa mama yake. Hilo huwezi kuliona kwa macho, lazima uulize."

Mwisho akafika miguuni. Kidole gumba chake kilipita kati ya vidole vya mguu wa kulia, kikaendelea. Kikaingia mguu wa kushoto, kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikasimama tena pale pale. Mimi nikawa naangalia milima ya Nyabondo kama mtu anayetafuta mvua.

"Mwache kwangu mwezi mmoja," akasema. "Huu mguu bado una maneno."

Nikapanda baiskeli nikarudi nyumbani na furaha ya mjinga. Nilimwambia Rosa kwamba Mama Dorka amempenda jogoo mpaka amembakisha. Lakini asubuhi zikawa kimya. Baba yangu alipita siku ya tatu, akasimama langoni, akasema, "Boma lako limenyamaza, kijana." Kila kulipokucha nilisikia majogoo wa wenzangu wakiwika mbali, na roho ikawa inanisuta.

Mwezi ulipoisha nilikwenda. Mama Dorka alikuwa amempakata jogoo wangu, ananingoja.

"Lete mkono wako," akasema.

Akaushika, akaweka kidole gumba changu katikati ya vidole vya mguu wa kushoto. Vilikuwa vimerudi. Viwili, laini vile vile, mahali pale pale. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ulijua siku ile," nikamwambia.

"Niligusa vishimo ulipoving'oa. Lakini ningekuambia siku ile ungebishana na mimi, ungesema nina wivu na jogoo wako. Nikaona afadhali mguu ukuambie wenyewe." Hakupaza sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nyathina," akaniita, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "hivi vinyoya viwili ningewapa vifaranga mia, na kila mmoja angekwenda kwenye boma la mtu anayeniamini. Ulikuwa unaning'olea kazi ya maisha yangu."

Nikamwambia habari za boma, jinsi nilivyombeba, jinsi alivyowika, jinsi baba alivyovua kofia, hata ule utitiri niliomdanganyia Rosa. Nilidhani ataniambia nikamchinje, na nilikuwa najua siwezi. Yeye akamtazama yule jogoo kwa muda, akampapasa mgongo.

"Huyu ni jogoo mzuri sana," akasema. "Ana roho nzuri, ana sauti, na kuku wa kike wanamwamini. Mrudishe nyumbani awike. Mjengee banda lake peke yake, mpe mahindi, mheshimu mpaka azeeke. Lakini asizae."

Sikuwahi kufikiria kwamba mambo hayo mawili yanaweza kutenganishwa. Nilidhani ukikipenda kitu lazima ukipe kila kazi.

Nilipoinuka niende zangu aliniambia nikae, chai bado. Kisha akanionyesha tenga mlangoni. Majike sita, na jogoo kijana wa uzao wake mwenyewe. Nikamuuliza anawezaje kunipa mimi, mimi niliyemdanganya.

"Uliona aibu. Nimepima watu wengi kuliko kuku," akasema. "Ila kuna kitu kimoja. Ukifika nyumbani, kabla hujawafungulia hawa, mwambie mke wako ulichokuwa unatoa mguuni."

Nilimwambia Rosa. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaacha kucheka akaniambia neno ambalo sitaliandika kwenye simu. Jogoo wa boma akajengewa banda lake, akawika mpaka alipokufa kwa uzee, na baba yangu hakulalamika tena.

Miaka mingi ikapita. Nililinda uzao wa Mama Dorka jinsi alivyonifundisha, na kila mara nikimpima jogoo nilisikia kidole chake juu ya kidole changu. Kisha kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, kikaingia Katito. Kwa muda mfupi karibu kuku wake wote wakafa. Akabaki na majike watatu na jogoo mmoja. Na wakati huo mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Akatuma neno niende.

Nilimkuta kwenye kile kigoda, jogoo mapajani.

"Nimempima kila mahali," akasema. "Kidari kimenyooka. Upanga uko sawa. Miguu ni safi. Kimebaki kitu kimoja, na kidole hakioni rangi. Nifungulie mabawa uniambie."

Nikapiga magoti nikafungua bawa la kulia. Jekundu na jeusi, safi kabisa. Nikafungua la kushoto. Ndani, limefichwa na mengine, kulikuwa na nyoya moja jeupe, jeupe tangu shinani.

Mwanangu, huyo ndiye jogoo pekee aliyekuwa amembakia duniani. Mwanamke mzee, haoni, kuku wake wamekufa, ananishikia jogoo wa mwisho. Ningesema neno moja tu, "safi", angelala kwa amani siku hiyo. Na hakuna ambaye angejua. Nililishika lile nyoya, maana hata kulivuta kulikuwa rahisi.

"Kuna nyoya moja jeupe, Mama," nikasema. "Bawa la kushoto."

Nililia, na simwoni wa kunicheka. Halafu Mama Dorka akaupapasa uso wangu kama mtu anayetafuta mlango.

"Nilikuwa naogopa utaniambia ni safi," akasema. "Basi na huyu awike tu. Kwako una jogoo?"

Kwangu nilikuwa na majogoo wanne, wajukuu wa wale aliowatia kwenye tenga mwenyewe. Nilikuwa nimesahau kwamba kuku wangu ni kuku wake. Jumamosi iliyofuata nilimpelekea aliye bora. Alimpima kuanzia kidari, taratibu kama zamani. Alipofika mguu wa kushoto kidole gumba kikaingia kati ya vidole, kikakaa pale muda mrefu sana, zaidi ya ilivyohitajika.

"Hamna vishimo," akasema, akacheka mpaka machozi.

Hao kuku wako wekundu, Akinyi, nilikupa mimi, na mimi nilipewa na yeye. Kwa hiyo usimchagulie baba yao kwenye simu. Nenda Kibuye mwenyewe, mrushie mahindi uone kama anawaita wenzake au anameza peke yake. Muulize anayemuuza habari za mama wa huyo jogoo, na akianza kukusifia mkia mwache aseme hadi achoke, kisha uulize tena. Fungua mabawa yote mawili. Pitisha kidole katikati ya vidole vya miguu, na ukigusa kishimo, mshukuru mwenye jogoo uende zako. Ukimpenda sana na ana kasoro, mpende, mpe mahindi, awike hapo Manyatta watu wote wasikie, lakini usimtie kwa majike. Na ukikosea, maana utakosea, usinifiche mimi na usijifiche wewe. Afadhali banda likae bila jogoo msimu mzima kuliko ung'oe nyoya moja.

Mungu akupe mikono yenye subira kama ile ya Mama Dorka, akujazie banda kuku wekundu wenye miguu mitupu. Na siku macho yako yatakapochoka kama yangu yanavyoanza kuchoka sasa, akupe mtu wa kukufungulia bawa na kukuambia rangi iliyomo.