Nilimchagulia Kifaru Kikubwa

Kosa lilikuwa langu, na sitalipaka rangi.

Ndugu yangu mdogo alikuwa askari katika kambi moja upande wa Nanyuki. Likizo moja alinikuta jikoni kwetu Wamagana nikimenya viazi. Jumatatu alitakiwa kupeleka jibu: abaki kwenye magari madogo ya deraya, au ahamie kwenye vifaru. Alichukua kiazi kikubwa akakiweka juu ya unga niliokuwa nimeuchunga.

"Ona, dada. Hii iko na chuma nene, risasi haiingii. Lakini ni refu, adui anaiona mbali. Na uzito yake, ati kuna daraja haiwezi pita."

Kisha akaweka kiazi kidogo. "Hii inajificha, inakimbia, haizami. Lakini chuma yake ni nyembamba."

"Nyembamba aje?"

"Bunduki kubwa inatoboa."

Sikusikia kitu kingine. "Basi ingia hiyo kubwa. Sitaki kukuzika."

Mimi, mtu wa Wamagana! Kila masika niliona lori la majani chai limekwama mlimani, mikokoteni ya punda ikilipita. Kwetu, aliyesikia injini ikilia alitoka na jembe bila kuitwa, tukatandika matawi chini ya magurudumu. Matope niliyajua vizuri. Lakini hofu ilinifunga macho nikaona risasi tu, na nchi haikuwa hata vitani. Alinisikiliza, kama alivyonisikiliza tangu utotoni.

Masika yaliyofuata mwenzake alikuja kutuambia. Walikuwa mazoezini, kifaru kikazama hadi tumboni kwenye udongo mweusi. Ndugu yangu akatoka kufunga kamba ya chuma ili kivutwe. Kamba ikakatika, ikampiga kifuani. Akafa hapo hapo.

"Zile ndogo zilikuwa zimeshavuka," askari yule alisema, akitazama kofia yake.

Lori la jeshi lililoleta mwili wa ndugu yangu lilikwama pale pale mlimani. Majirani wakatoka na majembe. Walichimba, wakatandika matawi, wakasukuma, na lori likazidi kuzama. Mwishowe wakalishusha jeneza wakalibeba mabegani. Mama alibaki amesimama mvuani, akilikodolea macho lile lori.

"Si wangeleta gari ndogo," akasema. "Kwani hakuna mtu aliwaambia?"

Nilimshika mkono tukafuata jeneza. Aliishi miaka mingi baadaye, na sikumwambia.